Siku nilipomwambia mama kwamba matibabu yake ni makali

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kufungwa kwenye pindo la kanga, na ilipofunguliwa mikunjo yake ilikuwa imeanza kutoboka. Katikati ya ukurasa palikuwa na visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa "radical", cha pili "palliative". Daktari alikuwa ametia tiki kile cha kwanza kwa kalamu ya bluu, kisha akakizungushia duara ili mtu asikosee. Nilikosea mimi.

Ilikuwa mwaka 2017. Nilikuwa nimepata kazi ya ukalimani kwa miezi mitatu katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Walikuwapo madaktari wageni wa saratani ambao Kiswahili chao kiliishia kwenye "pole" na "asante", na wagonjwa wao wengi walitoka vijijini. Kiti changu kilikuwa kati ya meza na mgonjwa. Mama huyu alikuwa na miaka sitini na kitu, mkulima wa mahindi kutoka upande wa Handeni, na ugonjwa wake ulikuwa saratani ya shingo ya kizazi. Alisindikizwa na binti yake, kitinda mimba. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba mwanangu", akafungua pindo la kanga na kutoa karatasi yake.

Daktari akaeleza kwa utulivu. Ugonjwa haujafika mbali. Atapewa mionzi kwa wiki tano, siku tano kila wiki, pamoja na dripu ya dawa mara moja kwa wiki, halafu mionzi ya ndani mwishoni. Akamalizia kwa kusema kwamba matibabu haya ni "radical", akagusa tiki yake kwa ncha ya kalamu. Nikamgeukia mgonjwa.

"Mama, daktari anasema matibabu yako yatakuwa makali."

"Makali?"

"Ndiyo, mama. Makali."

Alimtazama binti yake, akaikunja karatasi kwenye mikunjo ile ile, akasema, "Haya. Tumesikia." Aliambiwa aanze Jumatatu. Jumatatu hakuja, wala Jumatatu iliyofuata.

Nataka nieleze lile "makali" lilitoka wapi, maana halikutoka kwenye kamusi. Lilitoka kinywani lenyewe, na kinywa changu kilikuwa kimelizoea kwa miaka miwili. Kabla ya hapo neno hili la Kiingereza nilikuwa nimekutana nalo mara nyingi, kila mara likiwa na sura nyingine, na kwa kweli nilikuwa nimeshafundishwa vya kutosha kutokulikosea.

Mara ya kwanza nililiona kabla sijajua Kiingereza. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu Tanga, na jioni alikuwa akitukalisha barazani na ubao mdogo. Alichora ile alama ya √, inayofanana na tiki iliyonyoosha mkono juu ya namba, akauliza kipeuo cha pili cha 81. Siku moja akatuambia kwamba Waingereza alama hiyo huiita radikali, na kwamba neno hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mzizi: namba 81 ni mti, 9 ni mzizi uliouotesha. Nilipokua nikasoma zaidi. Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, namba hiyo aliita jidhr, yaani mzizi kwa Kiarabu. Watafsiri waliokuwa Hispania katika karne ya 12, mmoja wao Robert of Chester aliyeifanya kazi yake mwaka 1145, wakalichukua wazo hilo na kulitia kwenye Kilatini kwa neno lao la mzizi, radix. Alama yenyewe ilitoka kwenye kitabu cha Christoff Rudolff kilichochapwa mwaka 1525. Huwa nafurahi nikikumbuka kwamba maana hii ya neno ilizaliwa mikononi mwa watafsiri, watu wa kazi yangu, na kwamba walipofika penye neno la mzizi waliandika mzizi.

Mara ya pili nililisikia kwa mjomba. Mjomba alifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, mwaka 1971. Kile chama cha wanafunzi wanamapinduzi kilichoanzishwa mwaka 1967 na gazeti lao la Cheche vilikuwa vimeshapigwa marufuku mwaka uliotangulia, lakini mwanahistoria Walter Rodney alikuwa bado anafundisha pale, na mabishano ya usiku hayakuwa yamekoma. Mjomba alilitamka neno hili kama mtu anayetaja cheo. "Fulani alikuwa radikali kweli kweli," angesema, na uso ukamng'aa. Nilipomuuliza maana yake alinijibu kwa mfano wa pamba. Ukiuliza kwa nini mkulima wa pamba ni maskini, mtu mmoja atakwambia bei imeshuka, na ataishia hapo. Radikali atauliza nani anapanga bei, na tangu lini, na kwa nini kiwanda cha nguo kiko kule na shamba liko huku. Hatakubali kusimama mpaka afike chini kabisa. Mjomba hakuwa mtu wa kupaza sauti. Sijawahi kumwona akigombana na mtu.

Nimewaza sana juu ya hilo, kwa sababu neno lile lile lililomng'arisha mjomba nililikuta Mombasa likiwafanya watu wainamishe vichwa.

Hiyo ni mwaka 2015, miezi michache baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa yaliyochukua roho za watu 148. Pwani nzima ilikuwa na majonzi na hofu, na warsha zilikuwa nyingi. Nilipata kazi ya kukalimani kwenye warsha hizo. Wageni walisema "radical" na jamaa zake wote, kitenzi chake na nomino zake ndefu, na mimi nikasema "itikadi kali", "misimamo mikali", "vijana waliotiwa itikadi kali". Ndivyo magazeti yalivyoandika na ndivyo redio zilivyotangaza. Kwa siku moja ningeweza kusema "kali" mara mia.

Katika baraza moja alikuwapo ustadh mmoja mzee, mwalimu wa madrasa, ambaye asubuhi nzima hakusema kitu. Baada ya chai akaninyooshea kidole mimi, si mgeni.

"Mwanangu, hilo neno lao mzizi wake nini?"

"Ni la Kilatini, ustadh. Maana yake ni mzizi wenyewe."

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema Waarabu wana maneno mawili. La kwanza ni jadhri, la mtu wa kwenda kwenye mizizi. Lakini mtu huyu anayezungumzwa hapa, anayelipua na kuua, Waarabu hawamwiti hivyo. Humwita mutatarrif, na neno hilo limetoka kwenye taraf, ukingo, pembeni kabisa. "Mmoja yuko chini, mwingine yuko ukingoni. Nyinyi mmewatia kwenye gunia moja, mkaandika juu yake kali." Akaendelea, na sauti yake ilianza kutetemeka. "Mimi nimesomesha usuli miaka arobaini. Usuli ni mizizi. Leo kijana akisema anataka kujua mizizi ya dini yake, anaandikwa jina. Na hao vijana waliochukuliwa kupelekwa kule Somalia, nimewajua baadhi yao tangu wadogo. Hawakumaliza hata juzuu moja. Hawana mzizi hao. Ndiyo maana wakabebeka."

Mgeni akaniuliza mzee amesema nini. Nikamwambia kwa sentensi mbili kwamba mzee anaona vijana wanahitaji elimu zaidi ya dini. Saa ya chakula ilikuwa imekaribia, na kueleza jadhri na mutatarrif kwa Kiingereza kungehitaji dakika kumi. Sikumpa mzee dakika zake kumi. Aliniangalia kwa muda, nadhani alikielewa Kiingereza zaidi ya tulivyodhani, kisha akafunga kilemba chake vizuri na hakusema tena siku ile. Kati ya vitu nilivyowahi kuviacha nje ya tafsiri, hicho ndicho kinachonirudia.

Tarafa yetu ya Tanzania, ile iliyo kati ya wilaya na kata, imetokana na taraf hiyo hiyo. Na asili ni umoja wa usuli. Maneno yote haya tunayo nyumbani, tumeyazoea tu hata hatuyasikii.

Mwaka uliofuata nikapewa masomo ya historia ya Marekani niyatafsiri kwa ajili ya walimu. Nikafika kwenye kundi la wabunge wa miaka ya 1860 wanaojulikana kwa Kiingereza kama Radical Republicans, na vidole vikaandika vyenyewe: "Warepublikani wenye itikadi kali". Bahati njema kwenye kuandika mtu hupata nafasi ya kusoma tena. Nikaisoma kwa sauti, nikaona aibu. Thaddeus Stevens na Charles Sumner walikuwa watu waliosema utumwa usipunguzwe, ung'olewe, na waliokuwa watumwa wapewe uraia na kura. Sumner alipigwa bakora ndani ya ukumbi wa Seneti mwaka 1856 kwa hotuba ya kuupinga utumwa, akaumizwa kiasi cha kukaa miaka mitatu nje ya kazi zake. Aliyeshika bakora alikuwa mbunge mwenzao kutoka jimbo la watumwa. Halafu mimi, mtoto wa pwani ambako watu walifungwa minyororo na kuuzwa, ndiye nimwite Sumner mwenye itikadi kali! Nikafuta. Nikaandika "Warepublikani wa mageuzi ya kina", na chini nikaeleza kazi yao: marekebisho ya katiba ya mwaka 1865 yaliyokomesha utumwa, ya 1868 juu ya uraia, na ya 1870 juu ya haki ya kupiga kura.

Kwingine neno limepoa kabisa. Ufaransa kuna chama cha Radikali tangu mwaka 1901 na Argentina kipo tangu 1891, na watu wake ni wa siasa za wastani. Anayesoma habari za Raúl Alfonsín, aliyeiongoza Argentina kutoka kwenye udikteta wa kijeshi mwaka 1983, akikuta ameitwa mwanasiasa mkali wa Chama cha Radikali, atakuwa amedanganywa na mtafsiri.

Binti ya dada yangu anayejifunza Kichina analijua kwa maana nyingine. Kwake radikali ni vile vipande vya herufi vinavyotumika kupanga maneno kwenye kamusi. Kamusi kubwa ya mwaka 1716 ilihesabu 214. Alinionyesha kile cha maji, vijistari vitatu ubavuni, kikiwa ndani ya mto, ndani ya bahari, na ndani ya machozi.

Na kulikuwa na yule mteja wa Kariakoo mwenye vidonge vya lishe, aliyetaka nimwandikie kipeperushi kwamba vidonge vyake "vinaua waasi huru mwilini". Alikuwa ameanza kutafsiri mwenyewe. Ilinibidi nikae naye chini. Radikali huru ni atomu au molekuli yenye elektroni iliyobaki bila mwenzake, kwa hiyo inamvamia wa jirani kutafuta wa kuunganika naye. Moses Gomberg aliitambua ya kwanza mwaka 1900, kule Michigan. Wakemia wa kale waliliita radikali lile kundi la atomu walilodhani ndilo mzizi wa kampaundi nzima, na jina likabaki hata wazo lilipobadilika. Hakuna muasi. Mteja hakupenda, alisema waasi wanauza zaidi. Nikamrudishia nusu ya malipo.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Baba alikuwa ameniambia, mjomba ameniambia, ustadh ameniambia mbele za watu. Lakini kwenye karatasi nina muda, na kwenye kiti cha ukalimani sina. Pale linatoka neno lililo juu, na juu kabisa ya ulimi wangu palikuwa na "kali" iliyosemwa mara mia kwa siku.

Mama alirudi wiki ya tatu. Damu ilikuwa imezidi, na binti alimleta kwa nguvu. Daktari akataka kujua kwa nini hakuja tarehe aliyopangiwa. Nikamuuliza, na hakumjibu daktari, alinijibu mimi.

"Si wewe uliyeniambia makali? Mimi nimezaa tisa na nimezika wawili. Nimelima tangu nina miaka saba. Makali nayajua. Nikasema mwili huu umechoka, wacha nikafie kwangu, watoto wasiuze mbuzi kwa kazi bure."

Binti naye akasema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye alisoma mpaka kidato cha nne na aliliona lile neno kwenye karatasi, akadhani ni jina la mionzi yenyewe, radikali na radiesheni. Akamwambia mama yake kwamba ni ile mionzi mikali kuliko yote. Sikuwa na la kumlaumu. Maneno hayo yanafanana sura lakini si ndugu; moja limetoka kwenye mzizi, jingine kwenye mwale.

Niliomba daktari anisubiri. Nikamuuliza jambo ambalo ningepaswa kumuuliza siku ya kwanza: neno hili kwenye fomu hii linamaanisha nini hasa? Alishangaa kidogo, akaeleza. Visanduku vile viwili ni nia. Kile cha pili ni tiba shufaa, ya kutuliza maumivu na kuzuia damu pale ambapo kupona hakutazamiwi tena. Kile cha kwanza ni kwamba tunalenga kuponya. Tunaufuata ugonjwa na mahali pote uliposhika, tunautoa wote.

Nilihisi baridi mgongoni. Mama alikuwa ameikimbia tiki ya matumaini. Kwa neno langu moja alikwenda Handeni kujiandaa kufa, akiwa na karatasi kwenye pindo la kanga inayosema kwamba wanakusudia apone.

Nikateremka kwenye kiti, nikachuchumaa mbele yake. "Mama, naomba radhi. Nilikosea. Daktari hakusema makali. Alisema wanataka kuung'oa ugonjwa na mizizi yake, upone. Kuna matibabu mengine ni ya kukupunguzia maumivu tu. Haya yako siyo hayo. Haya ni ya kuponya."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kama ndago."

Mimi ni mtu wa mjini, ndago nilikuwa naijua kwa jina tu. Akanieleza, na mikono yake ilikuwa inachimba hewani. Ndago ukiifyeka, siku ya tatu imerudi. Juu ni majani, lakini chini ina vitunguu vidogo vyeusi, vimeshikana kwa uzi kama shanga. Lazima uchimbue, uufuate uzi, utoe kimoja kimoja, na udongo wa pembeni uuchambue nao kwa vidole. Ukiacha kimoja umefanya kazi bure. "Ni kazi," alisema. "Inaumiza kiuno. Lakini mtu hachimbui ndago kwenye shamba alilolitupa. Anayechimbua ana nia ya kupanda."

Nikamtafsiria daktari neno kwa neno, pamoja na uzi na shanga, na safari hii nilichukua dakika zote nilizozihitaji. Daktari akaweka kalamu chini. Akaniambia nimwambie mama kwamba ndivyo, hasa ule udongo wa pembeni.

Sitasema wiki tatu zile hazikuwa na athari. Daktari mwenyewe alisema kwa saratani kila wiki ina uzito wake. Alipimwa upya, na tiki ikabaki kwenye kisanduku kile kile. Alianza siku ya Jumatano.

Mwanafizikia mmoja wa pale aliniambia baadaye, tukiwa tunakunywa chai, kwamba mionzi ikipita kwenye maji ya mwili huzaa zile radikali huru, na ndizo zinazochana vinasaba vya seli ya saratani. Kwa hiyo neno lilikuwa mle chumbani mara mbili, kwenye fomu na chini ya mashine. Nilimfikiria yule mteja wa Kariakoo na waasi wake.

Mama alikuja na kamba ya katani yenye mafundo ishirini na tano. Kila akitoka kwenye mashine alikaa kwenye benchi la nje, karibu na mwarobaini, akafungua fundo moja kwa kucha, polepole, akaitia kamba mfukoni. Alidhoofika, alitapika, kuna siku alibebwa mgongoni na binti. Hakukosa siku hata moja. Kazi yangu ilipofika mwisho kamba ilikuwa na mafundo manane. Nilikwenda kumuaga pale kwenye benchi.

"Lile neno," aliniuliza, "siku hizi unawaambiaje watu?"

"Nawaambia ni matibabu ya kung'oa mzizi, mama. Ya kuponya."

Alifikiri kidogo, kamba ikiwa kati ya vidole.

"Taja na ndago," alisema. "Mzizi wengine watadhani ni wa mganga."